Aliingia na Pete Yetu, Akatokea Mlango wa Nyuma

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mmoja, mkazi wa Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Kazi yangu kwa sasa ni kuziba pancha za baiskeli kando ya barabara ya vumbi. Ukiniona nimekaa juu ya dumu langu, karai la maji miguuni, mpira wa baiskeli mkononi, huwezi kuamini kwamba mtu huyu aliwahi kupanda jukwaani, akashika maikrofoni, na sauti yake ikasikika mpaka Uvira ng'ambo ya ziwa!

Naam, ilisikika. Wanaobisha ni kwa sababu siku ile upepo ulivuma kwenda upande mwingine.

Nacheka... lakini msidanganyike na kicheko changu. Nikiacha kucheka nitalia, na nikianza kulia sijui nani ataninyamazisha.

Wazazi wangu walikimbia vita Burundi, wakaingia Kigoma nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilikulia huko, na ujana wangu wote ulimezwa na reli. Nilianza kwenye genge, yaani kikosi cha kutengeneza njia. Tulibeba mataruma, zile nguzo zinazolala chini ya reli, tukakaza boliti, tukalala kwenye mahema na kula vumbi la kokoto. Mabega yangu yalipanuka hadi nikawa naingia milangoni kwa ubavu!

Baadaye nikawa mshika bendera kwenye steshini moja ya porini. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba treni ikisimama, kichwa kilikuwa kimeshaipita na behewa la mwisho bado halijafika. Hapo tulikuwa wawili tu, mimi na kijana mwenzangu wa Kirundi aitwaye Evariste. Tulikula sufuria moja. Tulivaa koti moja la mvua kwa zamu. Nilipougua malaria iliyonipeleka mpaka mlangoni kwa Mungu nikapiga hodi, ni Evariste aliyenirudisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana msiba wangu wote umeanzia hapa.

Njia ya reli ile ni moja tu. Treni ya kwenda na treni ya kurudi zinapita juu ya vyuma vilevile. Ili zisigongane, kulikuwa na pete kubwa ya chuma, ya kutosha kuvaliwa begani, tuliyoiita tokeni. Dereva haingii kwenye kipande cha njia mpaka akabidhiwe tokeni. Akiondoka nayo, wengine wote wanasubiri. Iwe mvua, iwe jua, awe bosi, awe waziri, wanasubiri mpaka tokeni irudi. Pete ikiwa njiani, njia imefungwa. Hakuna mjadala.

Siku moja alikuja mkubwa mmoja na kiberenge chake, kigari kidogo cha reli, ana haraka zake. Akataka apite bila tokeni. Evariste alisimama katikati ya reli, akatanua mikono. Yule mkubwa akashuka, akampiga kofi ambalo mpaka nyani wa msitu ule walishika mashavu yao! Evariste hakusogea hata inchi. Damu inamtoka puani, naye anasema tu, "Pete haijarudi, mzee."

Dakika chache baadaye treni ya mizigo ikatokea kwenye kona, imejaa mbao, inanguruma. Yule mkubwa alikaa chini palepale kwenye kokoto. 

Ndugu zangu, mtu wa namna hiyo ungemwamini au usingemwamini?

Miaka ikaenda. Amani iliporudi nyumbani, tukarudi Burundi sote wawili. Mimi nilikuwa nimeshaoa, na mke wangu Mama Arlette alikuwa na mimba ya pili. Burundi haikuwa na reli, kwa hiyo tukaangukia bandarini Bujumbura, tukawa makuli. Saruji, sukari, mahindi... kila kilichoshuka kwenye meli kilipita kwanza kwenye shingo zetu.

Jioni nilisoma. Msinicheke! Baada ya kubeba saruji mchana kutwa nilikaa kwenye dawati la watoto, nywele nyeupe kwa vumbi, mwalimu akidhani mimi ni mkaguzi. Nilipitiwa na usingizi katika masomo yote isipokuwa Kifaransa, kwa sababu mwalimu wa Kifaransa alipiga kelele. Lakini diploma nilipata, na siku niliyoipata nilitembea mtaa wa Rohero mzima nikiwasalimu watu wa benki kama wenzangu.

Kampuni iliyotuajiri, ambayo jina lake nalihifadhi, ilituchukua kama vibarua wa siku. Kila asubuhi unasimama langoni, ukichaguliwa unaingia, usipochaguliwa unarudi kwa watoto mikono mitupu. Siku kuli mmoja alipoangukiwa na mzigo kiunoni, walimtoa nje ya lango wakamlaza ukutani kama gunia lililopasuka. Hakuna daktari, hakuna pole. Siku ile ndiyo nilipofungua mdomo wangu, na kusema kweli tangu hapo haujafungwa.

Tukaanzisha sendika, chama chetu cha wafanyakazi. Mimi rais, Evariste makamu. Lakini tulikuwa na ugonjwa mmoja. Tukitaka kudai kitu, kila kuli alijipenyeza peke yake ofisini kwa patron, yaani bosi wa kampuni, na kila mmoja alitoka na kaahadi kake mfukoni. Tukawa hatuna sauti.

Ndipo nikakumbuka reli.

Nilikwenda Buyenzi kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia anikunjie nondo iwe pete kubwa, kama tokeni yetu ya zamani. Nikawaambia makuli, "Kuanzia leo, anayeingia kwa patron kusema kwa ajili yetu anaingia na pete hii begani. Pete ikiwa ndani, hakuna mwingine anayeingia, hakuna anayeongea pembeni, hakuna anayeshika gunia. Tunasubiri mpaka pete irudi."

Walicheka. Barnabé, kuli mkubwa kuliko wote kwa umri, aliuliza kama sasa nataka kuwaoa wote kwa pete moja. Lakini walikubali.

Na ikafanya kazi! Patron alizoea kutuvunja mmoja mmoja, sasa akakutana na mtu mmoja mwenye chuma begani na uwanja mzima umenyamaza nje. Tukapata glavu. Tukapata maji ya kunywa. Tukapata mtu wa kufunga vidonda. Makuli wakaniita "Shefu wa Gare", mkuu wa steshini, ingawa steshini hatukuwa nayo. Jina likasambaa hadi masokoni, na uchaguzi ulipofika nikachaguliwa kuwa mshauri wa komine, yaani diwani. Mimi, mtoto wa kambi ya wakimbizi, kuli wa saruji! Halafu chama changu cha siasa kikaniahidi zaidi... kwamba safari inayofuata jina langu litakuwa kwenye orodha ya wagombea udepite, yaani ubunge.

Nilinunua tai. Niliifunga vibaya, lakini niliinunua.

Basi ikaja habari kwamba kampuni inataka kutuondoa sote na kuleta vibarua wapya kupitia kwa wakala. Sisi tulitaka mikataba ya kudumu, hicho tu. Ukiwa na mkataba, hata ukiumia wewe ni mtu, hulazwi ukutani. Tukaingia kwenye mgomo. Magunia yakabaki melini, na sisi tukajazana mbele ya lango.

Patron akatuma ujumbe kwamba yuko tayari kuzungumza, ila si na mimi. Alisema yeye anazungumza na makuli, hazungumzi na wanasiasa.

Makuli wakakasirika. Barnabé akasema, "Shefu, kama anakukataa weye, tuingie sisi wote! Mutu moja apana kutosha!"

Mimi nikawatuliza. Nikavua pete begani mwangu, nikamvisha Evariste mbele ya watu wote. Nani mwingine? Katika Bujumbura nzima, kutoka ziwani hadi milimani, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua ile pete ni nini hasa. Mtu aliyetokwa damu kwa ajili yake.

Evariste akanishika mkono, akaniambia, "Anselme, sha, ndugu yangu, mi narudi nayo." Akaingia. Lango likafungwa.

Tukasubiri...

Jua likatuchoma mpaka lami ikawa inanata kwenye ndala. Halafu mvua ikashuka, mvua ile ya kuwafanya viboko watoke ziwani kutafuta pa kujikinga! Tukalala hapohapo, tukaamka hapohapo. Watu walianza kunong'ona.

"Huyu mutu anafanya nini mule ndani mpaka saa hizi?" Barnabé akauliza. "Anapika?"

"Pete haijarudi," nikasema.

"Pete, pete! Watoto yangu wanakula pete?"

Wakati huo Mama Arlette alikuwa akiuza sambusa upande wa pili wa ukuta, kwenye mlango wa nyuma ambako magari ya wakubwa hupita. Akaja anakimbia, beseni kichwani, kanga imelowa. Akanivuta kando, lakini kila mtu alisikia.

"Baba Arlette, Evariste hayuko ndani! Nimemuona kwa macho yangu. Ameingia kwenye gari ya patron, wamepanda Kiriri, mlimani kwa matajiri. Pete iko begani, na anacheka."

Ndugu zangu, nilifanya nini? Nilimwamini mke wangu aliyenizalia watoto? Hapana! Nilimwambia mbele ya umati wote, "Wewe unajua nini habari za reli?"

Alishusha beseni lake. Kisha akasema polepole, "Hii si reli, bwana yangu. Hii ni barabara ya kaburimbo, ya lami. Hapa watu wanapitana."

Akajitwisha beseni lake akaondoka. Maneno yale yananigonga mpaka leo kila gari linapopita mbele ya dumu langu.

Haukupita muda, mlinzi akachungulia dirisha la lango akatangaza kwamba anayetaka kubaki na kazi aingie sasa hivi, kabla king'ora cha saa sita hakijalia. Kikishalia, kazi ni ya watu wengine.

Uwanja ukatikisika. Barnabé akapaza sauti kwamba tuingie wote kwa pamoja, tukamkabili patron uso kwa uso, tusikie Evariste amesema nini kwa jina letu. Na alikuwa sahihi! Watu wote wale wangeingia kwa mkupuo mmoja, nani angewatoa? Wakaanza kusogea.

Nami nikasimama katikati ya lango, nikatanua mikono.

Kama Evariste alivyosimama siku ile kwenye reli. Mabega yale yale ya kubeba mataruma. Nikapiga kelele, "Pete haijarudi! Pete ikiwa ndani haingii mtu!" Mbele ya macho yangu nilikuwa naiona ile treni ya mbao inatokea kwenye kona. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nawaokoa...

Wakanitii. Uchungu wangu ndio huo! Wangenisukuma wangepita, lakini waliniheshimu, wakasimama.

King'ora kikalia.

Halafu malori yakaja, yamejaa vijana wageni wenye glavu mpya. Yakapita katikati yetu, lango likafunguka lenyewe bila pete. Barnabé alivua kofia yake kana kwamba msafara wa jeneza unapita.

Ndivyo tulivyoondoka bandarini. Baadaye tulisikia yote. Evariste alikuwa amekubali, kwa niaba ya sendika, kwamba makuli hawana neno la kupinga kuondolewa. Na yule wakala wa kuleta vibarua wapya alikuwa nani? Ni yeye mwenyewe! Chama changu kilipotangaza orodha ya wagombea, nilikuwa jikoni kwa jirani nasikiliza redio, shingo nimeinyoosha kama twiga nisikie jina langu. Likasomwa la Evariste. Walisema chama kinahitaji mtu anayejua kuleta utulivu bandarini.

Utulivu!

Kiti changu cha komine nilikipoteza, maana nani angemchagua mtu aliyewafungia wenzake lango? Nikipita Buyenzi, makuli wa zamani walitazama chini. Heri wangenitukana. Mama Arlette naye hakunitukana. Alikunja nguo za watoto taratibu, moja moja, akarudi kwao Rumonge. Mlangoni alisema tu kwamba anaweza kuishi na mwanaume asiye na kazi, lakini hawezi kuishi na mwanaume asiyeyaamini macho yake.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nilikuwa naongea na kiti.

Na mtastaajabu... hata hapo bado nilikuwa nasubiri ile pete. Kila nikifumba macho nilijiambia kwamba labda kuna jambo silijui. Labda alilazimishwa. Ataileta. Nilikwenda ofisini kwake Rohero mara nyingi hadi mlinzi akawa ananijulia hali kama ndugu. Evariste hakuwepo, au alikuwepo lakini si kwa ajili yangu.

Mwisho nikafunga tai yangu, nikapanda Kiriri kwa miguu. Mlima ule, wenye magari hawajui jinsi ulivyo mrefu! Nikakuta nyumba nyeupe, bustani ya kijani, na Evariste mwenyewe amekaa barazani kwa kandambili, tumbo limetangulia mbele kama mjumbe wa msafara. Watu wa nyumbani wanamwita Nyakubahwa, yaani mheshimiwa.

Hakunifukuza. Hilo ndilo lililoniumiza. Alifurahi!

"Anselme! Shefu wa Gare! Karibu, sha, kaa. Leteni fanta!"

Nikamwambia sikuja kunywa. Nimekuja kuchukua pete.

Alikunja uso akifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. "Pete gani?" Halafu akacheka. "Aaa, ile chuma! Iko pale, inashika mupira wa maji."

Nikageuka. Kwenye ukuta wa bustani, tokeni yetu ilikuwa imetundikwa kwa msumari, na mpira wa kumwagilia maua umezungushwa juu yake. Ilikuwa inadondosha maji.

"Evariste," nikasema, na sauti yangu, ile iliyofika Uvira, haikufika hata barazani. "Tulikusubiri."

"Mbona mulisubiri?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli. "Ile ilikuwa nondo ya Buyenzi, Anselme. Apana tokeni ya treni."

"We ulipigwa kofi kwa ajili yake. Ulitoka damu."

"Kule kulikuwa na treni," akasema. "Treni inaua watu."

"Na hapa?"

 Alitazama fanta yake. Kisha akaamuru mpira uondolewe, nami nikapewa pete yangu imelowa, na kutu imeanza kuila. Akaniuliza kama nahitaji chochote kingine. Nikasema hapana. Nilikuwa na mengi ya kusema, mwenye mdomo kama wangu! 

Nilishuka mlima nayo begani. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja mahali ambapo makuli wetu husimama siku hizi, pembeni ya ujenzi, wakingoja mtu awaite kubeba mawe. Barnabé alikuwepo. Mgongo wake umepinda, na kofia ni ile ile. Aliponiona na pete, alisimama. Wengine pia wakasimama, mmoja mmoja, kwa mazoea ya zamani.

"Imerudi?" akaniuliza.

"Imerudi, mzee wangu."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akapangusa maji kwa kiganja. Nilingoja anitukane. Nilingoja anipige nayo. Akanirudishia taratibu, akasema bila hasira yoyote:

"Vizuri. Sasa tuingie wapi?"

Wasomaji wenzangu... Nimewahi kujibu mawaziri, nimewahi kujibu mapatron, swali la kuli Barnabé limenishinda.

Pete iko hapa, nimeitundika kwenye mti nyuma ya dumu langu. Wateja huniuliza inauzwa kiasi gani, na wengine wanataka kutundikia matairi yao. Nawakatalia. Nimempigia simu Mama Arlette Rumonge nikamweleza kwamba alisema kweli. Alisema watoto wazima, akakata. Nitapiga tena.

Nawasihi, ninyi mlio kwenye sendika, kwenye vyama, kwenye vikundi vya akina mama na ushirika wa kahawa... msimtume mtu mmoja peke yake na sauti zenu zote! Hata kama mmekula sufuria moja. Hata kama alitoka damu zamani mbele ya macho yenu. Nendeni watatu, nendeni kumi, na mlango wa nyuma wekeni mtu. Na mke wako akija anakimbia, beseni kichwani, akakwambia ameona, usimuulize anajua nini. Shika mkono wake, waambie watu wasukume lango.

Mimi lango langu nililifunga kwa mikono yangu miwili. Ninyi lenu bado liko wazi. Ingieni!